Kirungu Kipya cha Gari la Kijani

Baba Chiriku alipoondoka hakubeba nguo. Hakubeba hata mswaki. Alichobeba ni kirungu cha gia.

Gari lake lilikutwa siku ya pili, nje kabisa ya mji, limeegeshwa pembeni ya barabara kwa adabu, kana kwamba linamsubiri mtu aliyeingia dukani mara moja. Lilikuwa gari la spoti, la kijani, lenye milango miwili na viti viwili tu, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani unaona magoti ya wapita njia. Alilinunua likiwa gofu, akalifufua kwa mikono yake miaka minne, jioni baada ya jioni, akitoka kazini kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Ufunguo ulikuwa chini ya zulia la miguu. Vioo vilikuwa vimepandishwa. Gia ilikuwa kwenye namba tatu, na hilo lilimshangaza hata askari aliyeandika taarifa, maana hakuna dereva anayeegesha gari kwenye gia ya tatu. Na pale juu, mahali ambapo kiganja cha dereva hupumzika, palibaki chuma kitupu chenye uzi wa skrubu. Kirungu chake, cha mbao nyeusi iliyong'arishwa na jasho la mkono wake, kilikuwa kimefunguliwa kikachukuliwa.

"Mwizi gani huyu," alisema askari, "anaacha gari, anaiba kishikio?"

Mke wa mwenye gari alikuwa akiitwa Mama Chiriku. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei hospitalini. Alizoea kuona yaliyofichika ndani ya watu na kunyamaza mpaka daktari aseme. Hata siku ile alinyamaza. Alilirudisha gari nyumbani, akaliingiza kwenye banda lililo ubavuni mwa nyumba, akaingia ndani kuwakabili wawili waliokuwa wakimsubiri mezani: binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliyepewa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, na mama mzazi wa mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi.

Walimtafuta. Walizunguka hospitali, vituo vya polisi na mochari. Walibandika picha zake kwenye nguzo mpaka mvua zikazifuta uso. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Watu wakaacha kuuliza, "Amepatikana?" wakaanza kusema, "Mungu ndiye ajuaye," na hayo ni maneno ya msiba usio na maiti.

Fundi yeyote angeweza kuweka kirungu kingine kwa dakika mbili. Bibi ndiye aliyekataa.

"Mtu haondoki na kifuniko kama hana nia ya kurudi kwenye sufuria," alisema. "Amekichukua ili akirudishe. Msiguse."

Basi hawakugusa. Kila Jumapili asubuhi Mama Chiriku alichukua ufunguo uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, akaingia kwenye gari, akazungushia leso kile chuma kitupu ili kisimkwaruze, akaliwasha ili betri isife. Alisogea hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma, akaiacha gia kwenye nyutro, yaani bila gia yoyote, akazima. Ilikuwa kama kumgeuza mgonjwa kitandani. Alifanya hivyo miaka mitano bila kukosa.

Katika mwaka wa tano, Jumapili moja, alizungusha ufunguo bila kutazama gia, na gari likaruka. Liliruka kama mnyama aliyechomwa mwiba, likapasua ndoo ya maji, likamega kona ya ukuta, likazimika. Mama Chiriku alibaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Akatazama chini. Gia ilikuwa kwenye namba tatu.

Alijua aliiacha kwenye nyutro. Alijua kama anavyojua mkono wake wa kulia. Juma lililofuata aliiweka nyutro, akaitikisa kushoto na kulia kuhakikisha, akafunga milango, akautundika ufunguo. Jumapili aliporudi, ilikuwa tatu. Na Jumapili nyingine, tatu. Si kila wiki. Zingepita wiki tatu za amani, akaanza kujicheka, kisha siku moja angechungulia dirishani na kukiona kile chuma kimesimama mbele, katikati, mahali pale pale askari alipokikuta. Ikafika mahali akawa anabisha hodi kabla ya kufungua mlango wa gari, ndani ya ua wake mwenyewe, mchana kweupe.

Mtu pekee aliyemwambia ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa hesabu mwenye mizaha.

"Shemeji," alisema Mwalimu, "gari hilo lina kumbukumbu kuliko wanafunzi wangu wote. Niazime nilipeleke darasani."

Walicheka. Lakini siku ile aliondoka bila kulisogelea banda, na tangu hapo alipokuja aliegesha baiskeli yake nje ya geti.

Miaka saba ilipotimia, wakili alimweleza Mama Chiriku kwamba sheria sasa inamruhusu kuiomba mahakama itamke kuwa mumewe amekufa. Fomu zilikaa kabatini, chini ya mashuka. Wakati huohuo Chiriku alitimiza miaka kumi na minane, na mezani, mbele ya wote, akasema anataka kujifunza kuendesha, na hataki kujifunzia gari la chuo, anataka la baba yake.

Mama Chiriku alimtupia jicho mkwewe, akijiandaa kwa lawama na machozi. Bibi alikuwa akikunja nguo zilizokauka. Alimaliza shati alilolishika, akalilaza juu ya mengine.

"Tafuteni kirungu kingine," alisema. "Mtoto hawezi kujifunza kwa kushika msumari."

Akainuka, akaenda chumbani kwake, akajifungia hadi jua likazama.

Jumamosi ndiyo ilikuwa zamu ya Mama Chiriku hospitalini, lakini Jumamosi ile aliomba ruhusa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikandamiza kipande cha sabuni kwenye uzi wa ile skrubu, alama zikabaki, akakifunga kwenye karatasi. Yeye na binti yake wakaenda mtaa wa vipuri, wakaelekezwa kwa mtu aliyeitwa Kipimo.

Duka lilikuwa jembamba na refu kama korido, na virungu vilipangwa ukutani juu ya vijiti, safu kwa safu, kama vichwa vinavyosikiliza. Kipimo alikuwa mfupi, na kwenye mfuko wa shati alichomeka kifaa cha kupimia kama daktari anavyochomeka kalamu. Inasemekana hata salamu aliipima kabla ya kuijibu.

Chiriku hakungoja. Alishika hiki, akaacha, akashika kile.

"Mama, hiki cha ngozi kizuri!"

"Cha ngozi kinakunywa jasho," alisema Kipimo. "Mwaka mmoja tu kinanuka kiatu."

"Hiki cha alumini?"

"Ukiegesha juani kitakuunguza."

"Na hiki chenye ua ndani?"

"Hicho ni cha watu wanaotaka kutazamwa. Wewe unataka kuendesha au kutazamwa?"

"Vyote," alisema Chiriku, na hata Kipimo akaachia tabasamu.

Mama Chiriku alikuwa amesimama mbele ya vya mbao. Kimoja kilifanana sana na cha mumewe, cheusi, cha mviringo. Alikishika. Kiganja chake kikakikumbuka kitu ambacho si hicho. Alikumbuka jinsi zamani, safarini, alivyokuwa akiuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, na wote wawili wakabadilisha gia pamoja. Alikirudisha haraka kama aliyeshika kaa la moto, akatoa kile kipande cha sabuni.

Kipimo alikipeleka kwenye mwanga, akapima, akapima tena. Akamtazama mama.

"Uzi huu si wa kawaida. Magari ya namna hii hapa mjini hayafiki matano. Mimi mwenyewe nimewahi kuukata uzi huu mara moja tu."

"Kwa gari gani?" aliuliza Chiriku.

"Halikuwa gari. Ilikuwa fimbo." Kipimo aliketi kwenye kigoda chake, alionekana kufurahia kukumbuka. "Bwana mmoja alikuja na kirungu mkononi, cha mbao nyeusi. Anachechemea mguu wa kushoto. Anataka nimchongee skrubu, akifunge juu ya fimbo yake ya kutembelea. Nikamwambia, bwana, hiki ni cha gari, gari lako liko wapi? Akasema yeye na kuendesha wameachana."

Mama Chiriku alimsogelea.

"Lini?" aliuliza Mama Chiriku.

"Kama miaka miwili iliyopita. Skrubu ilinichukua siku mbili. Alikuja kuichukua, akaenda zake. Jina hakutaka kuandikisha."

Chiriku alikuwa bado ameshika kirungu chenye ua. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Chini ya hicho kirungu kulikuwa na alama?"

"Ndiyo. Nyota. Imekwaruzwa kwa msumari, upande mmoja mrefu kuliko mwingine."

"Niliichora mimi," alisema Chiriku. "Nilikuwa na miaka saba. Alinipiga kofi, halafu akaniomba msamaha."

"Na akicheka," mama yake alimuuliza Kipimo, akijua jibu tayari, "akicheka anafanyaje?"

Kipimo aliinua mkono, akajifunika mdomo kwa migongo ya vidole, kama mtu anayeficha jino lililovunjika. Kisha akaziona nyuso zao, akaushusha mkono taratibu.

"Nisameheni," alisema. "Sikujua ninaongea na wenyewe."

Mtu angedhani Mama Chiriku angelia, au angemshika Kipimo shati amwambie zaidi. Alichofanya ni kuendelea kuchagua kirungu. Miaka saba alikuwa amemlaza mumewe mochari, mtoni, chini ya lori, kila usiku mahali papya, na kumbe mtu alikuwa akitembea mjini, anachagua skrubu. Mikono yake ilihitaji kazi. Alipima uzito wa kila kimoja, akakigeuza, akakirudisha.

Chiriku ndiye aliyemaliza. Alinyoosha mkono juu ya kichwa cha mama yake, akateremsha kirungu cha chuma, cheupe kama kijiko, kisicho na namba wala pambo.

"Hiki."

"Hicho kizito," alisema Kipimo kwa upole. "Asubuhi kitakuwa baridi. Lakini uzito wake utakusaidia, gia itaingia bila kulazimishwa. Nitawakatia uzi sasa hivi, msiondoke."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Chiriku hakutamka neno. Hilo lilimtisha mama yake kuliko yote waliyoyasikia.

Walipofungua geti, saa nane mchana, waliona mlango wa gari uko wazi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, miguu haifiki chini, kitambaa cha kichwa kimemteleza begani. Mkono wake ulikuwa juu ya kile chuma kitupu, nacho kilikuwa kwenye namba tatu. Alikuwa akizungumza peke yake, kwa sauti ya chini ya mtu anayemsimulia mwingine habari za nyumbani. Hakutegemea warudi mapema, na hakuwasikia mpaka kivuli cha mkwewe kilipomwangukia mapajani.

Mama Chiriku alijiegemeza ukutani. Miaka miwili alikuwa akilibishia hodi gari tupu.

"Mama," alisema, "ni wewe."

"Jumamosi tu," alisema Bibi. "Ukiwa zamu."

"Tumetoka kwa mtu aliyemwona. Yuko hai. Anatembea na fimbo."

Walimtazama wakisubiri apige kelele, aanguke, amshukuru Mungu. Bibi alitazama usukani. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo wote wawili walipoelewa.

"Alikuja hapa," alisema Bibi. "Mara moja. Mchana kama huu. Wewe uko kazini, mtoto yuko shule."

"Nilikuwa shule tu, Bibi!" Chiriku alisema. "Shule yangu ilikuwa mtaa wa pili!"

"Nilimwambia. Akasema hawezi. Aliniuliza umefika wapi kwa urefu, nikamwonyesha kwa mkono, hapo kwenye nguzo ya banda." Bibi alielekeza kidole kwenye nguzo, usawa wa bega la mkwewe. "Hakutaka kuingia ndani ya nyumba. Alikaa hapa nilipokaa. Nikamwuliza, mwanangu, tulikukosea nini? Akasema hakuna aliyemkosea. Akasema kona ya kuingia mtaani kwetu alikuwa akiikata kwa gia ya pili, kila jioni, miaka yote. Siku ile alifika pale, gari liko kwenye tatu, mkono ukakataa kushuka. Basi akapita. Akadhani atageuza mbele. Hakugeuza." Alikisukuma kile chuma, akakirudisha. "Alinionyesha. Hivi. Ndiyo maana huja kushika. Labda mkono utanieleza, maana yeye hakuweza kunieleza."

"Na mguu?" aliuliza Chiriku.

"Aligongwa na pikipiki huko anakoishi. Hakuniambia ni wapi. Aliniapisha nisiseme, nami ni mama yake, nikaapa."

"Na mimi ni nani wako?" aliuliza Mama Chiriku.

Bibi alishuka garini kwa shida, akapita katikati yao. Chiriku alikitoa kirungu kwenye mfuko, akaingia, akakifunga kwenye skrubu, akakaza kwa nguvu zake zote mpaka kiganja kikawa chekundu. Kisha akalala juu ya usukani akalia, na honi ikalia naye, mtaa mzima ukasikia.

Fomu zilizokuwa chini ya mashuka zilichanwa. Mama Chiriku asingeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba hana habari za mumewe. Wakili akaandika upya, safari hii kuomba talaka kwa mke aliyetelekezwa. Tangazo likatoka gazetini mara tatu kumwita mume aje ajibu. Hakuja. Hakimu alisoma hukumu kwa muda mfupi kuliko unaotosha kuivisha chai.

Mama Chiriku hakujua kwamba talaka ingemuuma vile. Mjane hupewa pole. Aliyeachwa hupewa ushauri. Wafanyakazi wenzake waliokuwa wakimshika bega miaka yote sasa walimwuliza, kwa sauti za chini, kama walikuwa wakigombana. Na aliyekufa ana mahali pake, lakini aliye hai anaweza kuwa mbele yako kwenye foleni ya benki. Kila alipoona mwanamume anayechechemea, alijikuta anaharakisha ili amwone kwa mbele. Hospitalini, kila alipoletewa picha ya mguu wa kushoto uliounga vibaya, alisoma jina mara mbili.

Juma lilelile la hukumu, Bibi alifunga nguo zake kwenye sanduku.

"Sasa mimi si mkwe wako tena," alisema. "Niende kwa Mwalimu. Yule bado ni mwanangu."

Alisimama mlangoni kidogo, akingoja kuzuiwa. Mama Chiriku hakumzuia. Alilibeba sanduku hadi getini, akampa mkono, akarudi ndani. Jioni aliandaa sahani tatu, akaiondoa moja.

Chiriku alijifunza kuendesha haraka, kwa hasira mwanzoni, baadaye kwa raha. Alipopata leseni, aliomba Jumapili waende kumwona Bibi, na mama yake, baada ya kukataa mara mbili, alikubali. Mwalimu alimtoa Chiriku nje akamfundishe kuegesha kinyumenyume, kazi aliyodai ni hesabu tupu. Wanawake wawili wakabaki sebuleni. Bibi alikuwa akishona kifungo cha shati. Alikuwa amekonda.

Walizungumza juu ya mvua, juu ya maumivu ya mgongo, juu ya bei ya dawa. Kisha Mama Chiriku akauliza swali alilokuwa amelibeba miezi mitano, na alipolitoa lilisikika dogo.

"Mama. Siku ile alipokuja. Aliniuliza mimi?"

Bibi aliishusha sindano.

"Aliuliza kama bado unalala upande wa ukutani."

Nje Mwalimu alisikika akipaza sauti, "Polepole, mwanangu, huo ni mti wa jirani!"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hilo si la kumuuliza mama mzazi. Nilimwambia kama anataka kujua, angoje jioni akuulize mwenyewe."

"Naye?"

"Akatazama saa."

Mama Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alitaka kulia, kikatoka kicheko, kifupi, kikavu, kilichomshtua hata mwenyewe. Na Bibi, aliyekuwa hajui kama anaruhusiwa, akacheka naye kidogo huku akifuta macho kwa lile shati.

"Siku hizi nalala katikati," alisema Mama Chiriku.

"Vizuri," alisema Bibi. Uzi ulikuwa umechomoka; akalitafuta tundu la sindano kwenye mwanga, akalikosa, akamnyooshea mkwewe sindano na uzi. "Hebu nitungie. Macho yangu hayaoni tena."